Bustani ya chini ya ardhi huku kusini: nilichimba, ukuta ukatunga tumbo, nikaanza upya

Mkuu mleta uzi, umesema una kiwanja Lindi karibu na bahari, unataka kuchimba mita tatu, ufunike juu kwa zege, ufunge taa za LED ulime saladi na hoho humo ndani kwa sababu "chini kuna ubaridi". Shimo hilo nimeshalichimba. Niko Mtwara, upande wa Naliendele, na huu ni mwaka wa nne. Nitaandika kwa urefu kidogo, hela niliyoizika pale isipotee bure.

Huo ubaridi unaoufuata haupo. Ukishuka mita mbili hivi, udongo hausikii tena mchana wala usiku, joto lake linakaa karibu na wastani wa mwaka mzima wa mahali hapo. Ulaya wastani huo ni mdogo, ndiyo maana handaki lao linahifadhi viazi. Pwani yetu wastani ni kama nyuzi 26. Kabla sijafunga taa, kipimajoto nilichotundika ukutani kilicheza kati ya 26 na 28, iwe Julai iwe Desemba. Ulichokinunua kwa jasho la kuchimba ni utulivu, jua la saa nane halikufikii. Basi.

Halafu nikafunga taa. LED inatoa mwanga mwingi kwa umeme mdogo, hilo kweli, lakini umeme wote ulioingia mwishowe unageuka joto humohumo ndani. Zangu zilikuwa wati 200 jumla, saa 14 kwa siku, yaani uniti 2.8 kwa siku, 84 kwa mwezi. Chumba kikapanda hadi 31. Saladi ikakimbilia kutoa maua, majani machungu kama shubiri. Na LUKU nayo ikanigeukia: nilikuwa kwenye tarifa ya matumizi madogo, uniti shilingi 100, kumbe ukivuka uniti 75 kwa mwezi wanakutoa huko na unakutana na shilingi 350 na ushee. Aliyegundua ni mama watoto, maana yeye ndiye ananunua umeme. Sitasimulia alichosema.

Sasa ukuta. Udongo wa huku juu ni mwekundu wa kichanga. Kiangazi ukiuchimba unasimama wima kama umekatwa kwa kisu, na hapo ndipo unapodanganyika. Fundi alipandisha tofali za inchi 6, akajaza kifusi nyuma, akanipiga begani: "Mjomba, ukuta huu utatuzika sote." Zikaja mvua za Januari, kifusi kikanywa maji kikawa kizito, ukuta wa upande wa mwinuko ukatunga tumbo kama mtu aliyetoka kwenye pilau. Nusura utuzike kweli. Tulibomoa upande mzima. Safari ya pili zikasimama nguzo za zege na nondo kila mita moja na nusu, mkanda wa zege juu, nailoni nyeusi ngumu nje ya ukuta, kisha kokoto upana wa futi moja kutoka chini mpaka karibu na uso wa ardhi. Chini ya kokoto kuna bomba lenye matundu linalopeleka maji kwenye shimo la pembeni. Hilo bomba ndilo lililoniokoa. Ukuta wa chini ya ardhi husukumwa zaidi na maji yaliyokosa pa kwenda kuliko udongo wenyewe.

Na hiyo paa yako ya zege, je, utaifunika udongo? Chumba cha mita 4 kwa 5 ukikirundikia udongo wa nusu mita juu ni mita za ujazo 10. Ukilowa, hizo ni tani 18 hadi 20 juu ya kichwa chako. Hapo tafuta mhandisi, fundi wa mtaani asikuambie "tutaongeza nondo".

Kwako Lindi karibu na bahari kuna jingine: maji ya ardhini yanaweza kuwa juu, au ukakutana na mwamba wa matumbawe ukaharibu sururu. Chimba kwanza kishimo cha majaribio, na ukichimbe Machi mvua zikiwa bado zipo. Cha Septemba kitakupa jibu la uongo.

Hewa ilinisumbua kuliko vyote. Maji unayomwagilia, mmea unayarudisha karibu yote hewani, na chini hayana pa kutokea. Unyevu ukafika asilimia 95, kuta zikatoka jasho, miche ikaanguka kwa kinyausi (ugonjwa wa ukungu unaoozesha shina la mche) trei baada ya trei. Jirani mwenye mikorosho akanishauri nipulize salfa. Salfa ni ya ubwiriunga, ule ukungu wa unga mweupe kwenye majani, tena shambani kwenye upepo. Humo ndani ningejifukiza mwenyewe. Dawa ikawa kupunguza maji na kuweka mabomba mawili ya inchi 6. La kuingiza hewa linaishia karibu na sakafu, na mdomo wake wa nje unatazama upepo wa kusi. La kutoa linaanzia darini na kupanda mita tatu juu ya ardhi, nimelipaka rangi nyeusi ili jua lilipashe na livute hewa. Kusi ikivuma ni raha. Miezi ya kaskazi nawasha feni ndogo. Na umeme ukikatika, jenereta hata kwa dakika tano usiishushe wala usiiweke karibu na bomba la kuingiza hewa. Moshi wake unaua kimyakimya.

Leo shimo langu ni la mita 1.2 tu, slabu (paa la zege) nimeitoa, juu kuna paa la makuti na upande mmoja wa nailoni nyeupe. Taa imebaki moja. Kazi yake kubwa ni kuotesha: mbegu za saladi hugoma joto likizidi nyuzi 28 hivi, na udongo wa juani huku unapita hapo mapema asubuhi. Trei zinakaa chini siku tatu nne, zikichomoza tu natoa kwenda juu chini ya neti. Kona yenye giza, nyuma ya ukuta, nimeweka uyoga mamama (najua si mmea, wataalamu msinirukie), unyevu ule ule ulioua miche yangu, uyoga unaufurahia. Vaa barakoa ukivuna, vumbi lake linaleta kikohozi.

Hoho usizipeleke chini kabisa, zinataka mwanga mwingi kuliko saladi. Zipande juu. Ukishachimba kile kishimo cha Machi, weka picha hapa asubuhi inayofuata tuone maji yamesimama wapi, ndipo tuongee kina cha shimo.