Usipige rangi ukuta wenye unyevu, utaupandisha

Nyumba ya mama pale Ahero, karibu na Kisumu, tuliijenga 2019, matofali ya kuchomwa, mabati, vyumba vitatu. Kisha zikaja zile mvua za 2020, mwaka ambao Ziwa Victoria lilipanda likameza fukwe huku kwetu, na simu zikaanza. "Nyathina (yaani mwanangu), huu ukuta wa chumbani unatoka jasho." Nikafikiri ni bati linavuja. Nikatoka Kisumu wikendi, nikapanda juu nikakagua kila msumari, bati iko sawa kabisa.

Shida ilikuwa chini. Kulikuwa na alama ya maji imeanzia sakafuni hadi usawa wa magoti, imezunguka chumba kizima kama mkanda, plasta inamenyeka ukiigusa tu na kidole na hapo juu ya alama kuna unga mweupe, ukilamba ni chumvi. Fundi akaniambia ni rangi duni, tukwangue tupige rangi ya mafuta, ile ya kuzuia maji. Nikalipa. Ikakaa poa miezi mitatu hivi, halafu mama akapiga tena, sasa unyevu uko kiunoni, umetokeza pale pale rangi ya mafuta inapoishia. Yaani nilinunua rangi nikaupandisha unyevu kwa pesa yangu mwenyewe. Hapo ndio nikaamua kutafuta kuelewa maji yanafanyaje ndani ya ukuta, na ninaandika hii kwa sababu nikitembea Nyamasaria, Nyalenda, hata Nakuru kwa shangazi, naona kuta nyingi zimefanyiwa kosa hilo hilo.

Jambo la kwanza, maji yanaweza kupanda yenyewe bila pampu wala presha. Kila mtu amewahi kuliona hilo. Koroboi, mafuta yako chini na moto uko juu, ni utambi unayavuta. Mandazi ukichovya ncha kwa chai, chai inapanda mpaka karibu na vidole. Maji yanapenda kushika kuta za kitundu chembamba, na yenyewe yanashikana, kwa hivyo yale ya pembeni yakipanda kidogo yanavuta ya katikati nayo yanafuata. Kitundu kikiwa chembamba zaidi maji yanapanda juu zaidi. Kanuni hii inaitwa ya Jurin, James Jurin, daktari Mwingereza aliyeipima kwa mirija ya vioo mwaka 1718. Hesabu yake ni rahisi: mrija wa kioo wenye nusu kipenyo ya milimita 1, maji yanapanda kama milimita 15. Ukipunguza iwe sehemu ya kumi ya milimita, yanafika sentimita 15. Ukipunguza mara kumi tena yanafika mita moja na nusu, na vitundu vya namna hiyo ndivyo vimejaa kwenye tofali na kwenye mota (ile simiti na mchanga inayoshikanisha matofali), hata vyembamba kuliko hivyo. (Makala ya kwanza kabisa ya kisayansi ya Einstein, 1901, ilikuwa juu ya mambo haya haya. Niliposoma hivyo niliacha kuyaona kama kazi ya mafundi peke yao.)

Sasa udongo. Mchanga mkubwa wa mtoni una nafasi pana, maji yanapanda sentimita chache tu yanachoka. Ule udongo wetu mweusi wa tambarare za Kano, huko Ahero, ni laini sana, unavuta maji kutoka mbali chini, polepole, lakini hauachi. Kwa hivyo msingi ukikaa ndani ya udongo huo ni kama utambi uko ndani ya koroboi.

Halafu kuna kitu fundi hakuniambia, na ndicho kiini cha yote. Unyevu hausimami pale kanuni ya Jurin inasema, unasimama pale maji yanayopanda yanalingana na maji yanayokaushwa na hewa. Angalia mtungi wa mama, huu tunaita dapi, nje huwa na unyevu kidogo kila wakati na maji ya ndani yanabaki baridi, kwa sababu yanapenya kwenye udongo wa mtungi na kukauka nje. Ukuta nao unafanya hivyo hivyo. Pale chini palikuwa panakunywa maji na kuyapumua nje kwa urefu wa magoti. Nilipopiga rangi ya mafuta niliuziba pumzi, maji hayakuwa na pa kutokea, yakaendelea kupanda mpaka yakapata sehemu wazi. Plasta nzito ya simiti tupu nayo inafanya hivyo. Na ile chumvi inatoka ardhini pamoja na maji, maji yakikauka inabaki nyuma ya plasta, inaganda, inakua, inaisukuma plasta mpaka ianguke. Kwa hivyo plasta kumenyeka haimaanishi fundi wa plasta alikosea.

Kabla ununue matofali, fanya jaribio nililofanya mimi kwa beseni. Weka maji kama sentimita mbili, simamisha tofali kavu ndani, piga alama maji yanapofika kila baada ya muda. Langu baada ya saa moja lilifika sentimita 4, baada ya saa nne 8, na baada ya saa tisa tangu mwanzo 12 hivi. Uliona? Muda mara nne, urefu mara mbili tu. Lucas kule Ujerumani 1918 na Washburn kule Marekani 1921 waliandika kanuni hiyo, na mimi nikaipata kwa beseni ya kufulia. Maana yake kwa mwenye nyumba ni kwamba unyevu unakuja kwa kasi mwanzoni halafu unapunguza mwendo, unadhani umeisha, kumbe bado unatambaa. Niliweka kipande cha zege nzuri kando, siku nzima haikufika hata sentimita moja. Tofali linalokunywa haraka sana usilitupe, litumie juu, chini weka mawe magumu au zege.

Kama bado hujajenga, sikiza hapa vizuri kwa sababu hapa ndipo ni bei rahisi. Chini ya slabu weka hadikoo ya mawe makubwa yasiyochanganywa na udongo, ile nafasi kati ya mawe ni pana sana maji hayawezi kuipanda. Ukijaza udongo katikati umeyajengea maji ngazi. Juu yake tandika nailoni nzito. Kwenye ukuta, lazima DPC, ile karatasi nyeusi ya roli ya kuzuia maji yasipande, ikae angalau sentimita 15 juu ya ardhi ya nje, ifunike upana wote wa ukuta, na pale roli mbili zinakutana zilaliane sentimita 10 au zaidi. Simama hapo ukiona kwa macho yako inatandikwa. Kwetu ilitandikwa upande mmoja tu wa nyumba, roli ikaisha, na mimi nilikuwa Kisumu kazini.

Hata DPC ikiwa ipo, maji yanaweza kuiruka. Plasta ya nje ikishuka mpaka kwenye udongo, maji yanapanda kwa plasta yanaipita DPC kando. Maua ambayo watu wanapanda ukutani wakirundika udongo ni hivyo hivyo, na pevu ya uani (sakafu ya nje) iliyoinuliwa pia. Kwa mama tulipochimba tukatoa udongo wa maua peke yake, ukuta mmoja ulianza kukauka bila kitu kingine.

Lakini hakikisha kwanza ni unyevu wa kupanda. Chukua kipande cha nailoni, kibandike ukutani na selotepu pande zote, ngoja siku mbili. Matone yakiwa upande wa ukutani, maji yanatoka ndani ya ukuta. Yakiwa upande wa chumbani ni mvuke wa jikoni na pumzi za watu, fungua madirisha tu. Na kama doa ni la mviringo, liko mahali pamoja, tafuta paipu.

Kwa nyumba iliyojengwa tayari tulifanya hivi. Tukakwangua plasta yote mpaka nusu mita juu ya alama. Tukatoboa mota ya mstari wa chini, matundu ya milimita 12 kila sentimita 12, tukasukuma krimu ya siliconi ndani. Ukitaka kuelewa inavyofanya kazi, mwagia maji jani la nduma, yanakuwa matone yanateleza, hayalowi. Krimu inasambaa kwenye vile vitundu na kuvifanya viwe kama jani la nduma, maji hayavutwi tena, yanasukumwa chini.

Halafu tukangoja, na hapa ndipo watu wengi wanashindwa. Ukuta unakauka kama sentimita 2.5 kwa mwezi, na wa mama una sentimita 20, kwa hivyo tulikaa miezi minane na matofali wazi, wageni wakiuliza kwa nini nyumba haijaisha. Mama aliniuliza kila Jumapili. Tulipopiga plasta mpya tulichanganya chokaa, simiti kidogo sana, juu rangi ya maji ya kawaida inayopumua. Kitanda chake kimerudi ukutani, na juzi nilipoweka mkono nyuma yake palikuwa pakavu.