"Mara 19" ya Sweden

SWALI: Daktari, mdogo wangu ana miaka 26. Alizaliwa mvulana, sasa anaishi kama mwanamke. Ana sonona tangu sekondari. Ameanza kutumia homoni na anataka upasuaji baadaye. Mjomba ametutumia kwenye kundi la familia habari kwamba waliobadili jinsia Sweden hujiua mara 19 zaidi ya wengine. Tumzuie? – Dada mtu, Mombasa

JIBU: Dada, hiyo "mara 19" naletewa kila mara, na sijakutana na mletaji aliyeusoma utafiti wenyewe. Ulitoka 2011, ukiwahusu watu 324 waliofanyiwa upasuaji kati ya 1973 na 2003. Muulize mjomba: walilinganishwa na nani? Na raia wa kawaida wa Sweden! Si na watu kama mdogo wako waliokosa tiba. Ni sawa na kuwalinganisha wanaochoma insulini na watu wasio na kisukari, ukaona wa kwanza wanatangulia kufa, ukatangaza kwamba insulini inaua. Watafiti wenyewe walionya humo humo kwamba matokeo yasisomwe hivyo. Huenda bila tiba hali ingekuwa mbaya zaidi. Waliojiua walikuwa 10. Ni msiba, na ndiyo maana nasema upasuaji haumalizi kazi ya daktari wa akili. Lakini utafiti huo haujibu swali lako la kumzuia.

Upande wa pili nao una wapiga debe wake. Utafiti mwingine wa Sweden, wa 2019, ulisifiwa kwamba upasuaji hupunguza haja ya matibabu ya akili. Mwaka uliofuata jarida lilisahihisha: waliofanyiwa na wasiofanyiwa walipolinganishwa, faida hiyo haikuonekana. Jaribio lililonishawishi zaidi ni la Australia, 2023: watu wazima 64, wengine wakaanza testosteroni, homoni ya kiume, mara moja, wengine wakangoja miezi mitatu. Walioanza walipungukiwa na sonona na mawazo ya kujiua. Ni dogo, ni fupi, tena homoni si ile ya mdogo wako. Kliniki naona mfano wake: chuki ya mwili hulegea. Lakini kufukuzwa nyumbani, au kukosa kazi kwa sababu cheti kina jina jingine, hakuna kidonge kinachotibu hayo. Audrey Mbugua, Mkenya aliyezaliwa mvulana na kuishi kama mwanamke, ilimbidi aende Mahakama Kuu, Nairobi, akashinda 2014, ndipo cheti chake cha mtihani kikaamriwa kibadilishwe.

Sasa lililonishtua. Umesema "ameanza kutumia homoni", hukusema nani alimwandikia. Mara nyingi jibu ni mtu wa WhatsApp, na "homoni" ni vidonge vya uzazi wa mpango vinavyomezwa vitatu vitatu. Estrojeni, homoni ya kike iliyomo humo, kwa wingi huo, huzidisha hatari ya damu kuganda. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, au pumzi ikikata ghafla, ni hospitali usiku huohuo. Muuzaji huyohuyo huwaambia waache dawa za sonona, "homoni zinatosha". Mshenzi! Ukiziacha ghafla, hali huweza kuporomoka.

Na mganga wa kumpunga pepo simtofautishi naye. Shirika la Afya Duniani limeiondoa hali hii ya kujiona wa jinsia nyingine kwenye sura ya magonjwa ya akili, katika orodha yake ya magonjwa inayotumika tangu 2022. Hakuna cha kupungwa. Kinachotibiwa ni sonona, na inatibika kabla ya homoni, wakati wake na baada ya upasuaji.

Leo muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumpandikizii mtu wazo hilo. Akisema ndiyo, asilale peke yake, na mje asubuhi. Mje na pakiti ya vidonge.