Yule sajini anayehesabu langoni ana kazi gani?

SWALI: Shikamoo mama. Mimi na kaka yangu tumemaliza kutazama misimu yote 10 ya Stargate SG-1, ule mfululizo wa TV kuhusu wanajeshi wanaosafiri kwenda sayari nyingine kupitia lango la duara, na sasa tunabishana. Kila lango linapofunguliwa kuna sajini mmoja mwenye miwani, amekaa mbele ya kompyuta, anahesabu kwa sauti: "Shevroni ya kwanza, tayari... ya pili, tayari..." mpaka ya saba (shevroni ni vile vifungo vya ukingoni mwa lango, kila kimoja kinanasa alama moja ya safari). Kaka anasema amewekwa pale kujaza muda, maana kila mtu analiona lango likizunguka. Mimi nampenda kuliko hata makamanda, ila nashindwa kumtetea. Ni nani hasa, na kuhesabu kule kuna maana gani?
Msomaji, mwanafunzi wa chuo

JIBU: Marahaba mwanangu. Huyo ni Walter Harriman, na mwigizaji wake ni Gary Jones, mzaliwa wa Wales. Alikuwepo tangu kipindi cha kwanza kabisa, mwaka 1997, na aliendelea kuonekana hata katika Atlantis na Universe, mifululizo miwili iliyozaliwa baadaye. Lakini kwa muda mrefu hakuwa na jina la kueleweka. Orodha ya waigizaji ilimwandika "fundi" tu, kisha kuna wakati aliitwa Davis (usimchanganye na Meja Davis, yule wa Pentagon), ndipo Walter Harriman likaja kutulia. Hilo linaniuma kidogo. Mtu tumemsikia kuliko mabalozi wote wa sayari ngeni, halafu jina lake linaachwa lijitafutie njia!

Sasa tuje kwenye kuhesabu, maana hapo ndipo kaka yako alipoteleza.

Kabla sijaanza kuandika nilikuwa mtu wa redio melini. Nahodha akiamuru usukani upelekwe kulia digrii kumi, mshika usukani hurudia maneno yale yale kwa sauti, na usukani ukishafika anatamka tena kwamba umefika. Kipimo kipo ukutani na kila mtu anakiona. Lakini macho ya kila mtu yako kwenye kazi yake, na sikio ndilo linalobaki huru. Mara ya kwanza nilipomsikia Walter nilijua kwamba huyu ameandikwa na watu wanaokielewa chumba cha amri.

Angalia namna lango lenyewe linavyofanya kazi. Duara lina alama 39. Kwa safari za ndani ya galaksi yetu unahitaji 7: sita zinaonyesha mahali unakokwenda, ya saba inaonyesha unakotoka. Kwenye sayari nyingine unabonyeza alama kwenye meza maalumu, kama unavyopiga namba ya simu, na lango linafunguka upesi. Pale chini ya mlima Cheyenne, Colorado, meza hiyo haikuwepo. Wamarekani waliunda kompyuta yao wenyewe, nayo inalizungusha duara alama moja baada ya nyingine. Kwa hiyo katika hadithi hii ile nafasi ndefu ina sababu yake. Ndani yake jenerali bado anaweza kusema "simamisha". Hesabu ya Walter ndiyo inayomwambia amebakiwa na nafasi kiasi gani.

Halafu ikifika ya saba, wimbi kubwa linaruka mbele ya lango na kuteketeza chochote linachokigusa. Wale wanne wa timu ya SG-1 wamesimama chini na mizigo mgongoni, hawaioni skrini yake. Sauti ile kwenye kipaza sauti ndiyo inayowaambia wasisogee. Kaka anaiita kujaza muda, mimi naiita tahadhari.

Na hapo bado sijagusa upande mzito zaidi wa kazi yake. Lango likifunguliwa kutoka nje bila ratiba, king'ora kinalia, na kile kizuizi cha chuma kinafungwa. Walter anasubiri msimbo wa timu. Ukija, anatangaza ni timu gani, jenerali anaamuru, kizuizi kinafunguliwa. Akichelewa, rafiki zake wanagonga chuma na kupotea bila hata mwili wa kuzika. Akikosea upande wa pili, adui yuko ndani. Makamanda wana silaha na wanaweza kukimbia. Yeye hukaa kwenye kiti.

Waandishi wenyewe walikuja kulitambua hilo. Katika Heroes, hadithi ya sehemu mbili ya msimu wa 7, wapiga filamu wanaingia kambini na kuwahoji watu wa kawaida wa pale, Walter akiwemo. Katika Zero Hour, msimu wa 8, O'Neill, aliyekuwa kiongozi wa timu ya SG-1, amepandishwa kuwa jenerali na hajui makaratasi yaanzie wapi, naye Walter yuko ubavuni kwake akimpangia siku. Kwa maoni yangu alistahili kipindi kizima chake mwenyewe, na sikubali hoja kwamba kazi ya kiti haiwezi kubeba hadithi.

Mwangalieni pia mwenzake Sajini Siler, yule wa spana kubwa ambaye kila mara anaangukiwa na balaa. Mwigizaji wake, Dan Shea, ndiye aliyekuwa msimamizi wa michezo ya hatari na pia aliyemwigizia Richard Dean Anderson, mwigizaji wa O'Neill, maanguko yake. Mtu anayeangushwa kwa jina la kamanda, kisha anaangushwa tena kwa jina lake mwenyewe! Naona heshima kubwa katika hilo.

Wanajeshi halisi nao waliupenda mfululizo huu. Jeshi la Anga la Marekani lilisoma miswada yake, na wakuu wake wawili, Jenerali Michael Ryan na Jenerali John Jumper, waliigiza humo kama wao wenyewe. Ndani ya mlima halisi wa Cheyenne kuna mlango wa stoo uliobandikwa kibao cha kamandi ya Stargate.

Mrudishe kaka yako kwenye Heroes, sehemu zote mbili kwa mfuatano. Mwambie safari hii asitazame lango, amtazame Walter usoni wakati king'ora kinalia.