Kuhamisha nyumba janja kwenda Home Assistant: anza na soketi, vihisi baadaye

Wengi wanaoniuliza juu ya kuhamisha nyumba janja, yaani nyumba ambayo taa, soketi na vihisi vyake huendeshwa kwa programu, kutoka mfumo mmoja kwenda mwingine hutaka kwanza kujua wanunue kifaa gani, ilhali nyumbani kwangu kilichoamua matokeo ni utaratibu wa kuhama. Nilitoka kwenye habu (kifaa kikuu kinachounganisha na kuviamuru vingine) iliyotegemea seva za mtengenezaji nikahamia Home Assistant, programu huria iliyoanzishwa na Paulus Schoutsen mwaka 2013, ambayo huendeshwa na kompyuta ndogo iliyomo ndani ya nyumba. Intaneti ilipokatika, hata kanuni ya kuwasha taa ya barazani jua linapozama ilikwama, kwa kuwa amri ilipaswa kwenda ng'ambo ndipo iifikie balbu iliyo hatua chache kutoka nilipoketi. Aidha, seva hizo zinaweza kuzimwa kabisa, kama walivyoshuhudia wenye habu za kampuni ya Revolv mwezi Mei 2016.

Kabla ya kugusa kifaa chochote, andika kanuni zako zote kwa maneno ya kawaida: kinachoianzisha kila moja, masharti yake na matokeo yake. Kanuni hizo hazihamishiki, utazitunga upya, na baadhi utaona hakuna anayezihitaji.

Kazi kubwa iko kwenye vifaa vya Zigbee, mtandao wa redio ambao vifaa vya nyumbani huwasiliana kwao bila waya. Kifaa cha aina hii huwa kwenye mtandao mmoja tu, hivyo hurudishwa kwenye hali ya kiwandani kisha huunganishwa upya. Vifaa vinavyotumia umeme wa ukutani hupokezana ujumbe na kuufikisha mbali, lakini vya betri havifanyi hivyo. Ukianza kuhamisha kihisi cha lango kabla ya soketi zilizo njiani, hakitapata wa kumpelekea taarifa. Kwa hiyo anza na soketi janja zilizo karibu na habu mpya, yaani ile kompyuta ya Home Assistant, endelea kuelekea nje, na vihisi vya betri uviunganishe mwishoni, kila kimoja kikiwa mahali pake pa kudumu. Balbu sizitegemei kwa upokezi huo, maana mgeni akizima swichi ya ukutani, njia inakatika.

Chaneli ya Zigbee ichaguliwe mapema, kwa sababu kuibadilisha baadaye kunaweza kukulazimisha kuunganisha baadhi ya vifaa upya. Zigbee na Wi-Fi hutumia masafa yaleyale ya GHz 2.4, kwa hiyo chagua chaneli iliyo mbali na ile ya ruta yako. Redio ya Zigbee inayochomekwa kwenye kompyuta iwekwe mwisho wa kebo ya kurefushia, kwani milango ya USB 3.0 huivuruga sana.

Kwa Z-Wave, mtandao mwingine wa redio wa vifaa vya nyumbani, angalia kifaa kilikonunuliwa. Cha Marekani hutumia MHz 908.42 na cha Ulaya MHz 868.42, kwa hiyo zawadi ya ndugu aliyeko Marekani huenda isisikilizane kabisa na habu iliyonunuliwa Ulaya. Vifaa vya Matter, kiwango cha pamoja cha vifaa vya nyumba janja kilichotolewa Oktoba 2022, ndivyo vyepesi zaidi: kifaa kimoja kinaweza kuwa chini ya mifumo miwili kwa wakati mmoja, hivyo unakishirikisha tu bila kukifuta.

Kwetu ambako umeme hukatika, kuna jambo ambalo miongozo mingi hulipita haraka. Balbu ikirudishwa kwenye hali ya kiwandani hupoteza mpangilio unaoiambia iwake au ibaki imezimwa umeme unaporudi, na nyumba nzima inaweza kuwaka saa nane usiku. Urekebishe mpangilio huo siku hiyohiyo. Kompyuta nayo iwekewe diski ya SSD badala ya kadi ya kumbukumbu, ambayo huchakaa kwa kuandikwa mfululizo, na nakala rudufu zihifadhiwe nje yake.

Habu ya zamani iache ikifanya kazi mpaka kihisi cha mwisho kihame. Hapo ndipo uondoe ruhusa ulizoipa kwenye vipaza sauti na huduma nyingine, kisha uifute akaunti yenyewe, kwa kuwa kuondoa programu kwenye simu hakufuti taarifa za nyumba yako zilizoko kwenye seva.