Injini inamisi ziwani: anza kwenye dumu kabla hujanunua koili

Usinunue koili hiyo, kifaa kinachoipa plagi umeme wa cheche, na wala usiongeze oili kwenye petroli kama fundi wako alivyokushauri. Umeeleza kwamba injini yako ya nguvu farasi 40 inawaka vizuri hapo Igombe, ufukoni mwa Ziwa Victoria, na inatembea kwa utulivu karibu na ufuko, lakini ukishafika nje na kukaza mafuta, yaani kuongeza kasi, inaanza kumisi, inakohoa na kupoteza nguvu, kisha baada ya muda inatulia yenyewe. Fundi amesema ni koili, na kwa kuwa pesa ya koili haijapatikana, amekuambia uzidishe oili ili injini isiungue. Nimeyasoma maelezo yako mara mbili huku moyo ukinienda mbio, kwa sababu ni maneno yaleyale niliyoambiwa mimi mwaka 2019, karibu kwa mpangilio uleule, nami nikayatii.

Injini yangu nayo ilikuwa ya mipigo miwili, ile ambayo oili huchanganywa na petroli, silinda mbili, na ilianza kumisi kama yako. Fundi wa mwaloni, mtu ambaye kila mwenye mtumbwi alimwamini, aliisikiliza kwa dakika moja akasema ni plagi. Nikanunua plagi. Siku mbili baadaye ilirudia, akasema ni koili, nikakopa nikanunua koili. Iliporudia mara ya tatu alisema kwamba injini ina kiu ya oili, na kwamba nikitaka iache kukohoa nimimine lita nzima katika dumu la lita 20 la petroli. Kitabu cha injini kilitaka petroli 50 kwa oili 1, yaani mililita 400 katika dumu hilo. Nilikuwa nakijua kipimo hicho, lakini nilimwona yeye ni fundi na mimi ni mvuvi, nikamimina.

Kilichofuata ndicho kilichonidanganya kabisa. Moshi uliongezeka, plagi zikawa nyeusi na zenye mafuta mafuta, na fundi alipozitoa akasema, “Unaona, sasa inapata petroli nyingi mno, tuipunguze.” Akafunga skrubu ya kabureta. Plagi ilikuwa nyeusi kwa sababu ya oili tuliyoizidisha wenyewe, ilhali ndani ya silinda petroli ilikuwa pungufu tangu siku ya kwanza. Rangi ya plagi ni ushahidi mzuri sana: kahawia ya kawaida ni afya, nyeupe kama chokaa ni dalili ya petroli pungufu na joto kali, nyeusi na mbichi ni dalili ya petroli au oili nyingi, au ya cheche hafifu. Lakini ushahidi huo unasema kweli pale tu unapokuwa na uhakika wa kilichomo kwenye dumu. Sisi tulikuwa tumeuharibu kwa mikono yetu, kisha tukautegemea.

Usiku wa tatu baada ya hapo tulitoka Kayenze kuelekea upande wa Ukerewe tukiwa watu watano, akiwemo mdogo wangu. Nilikaza mafuta. Injini ikamisi mara mbili tatu, ikatoa mlio mkali wa chuma, ikasimama ghafla, na kamba ya kuwashia ikagoma kuvutika. Pistoni ya juu ilikuwa imepata joto ikavimba, ikaukwaruza ukuta wa silinda na kuganda. Anayelifahamu ziwa hili anajua kwamba radi na dhoruba zake mbaya hupenda kuja usiku na alfajiri, na sisi tulikuwa na maboya matatu kwa watu watano. Tulielea mpaka kulipopambazuka, ndipo mtumbwi wa wavuvi wa dagaa ukatuvuta hadi ufukoni. Pistoni, ringi na kuchonga silinda upya vilinigharimu zaidi ya shilingi milioni moja, na giza lote la mwezi ule, ambalo ndilo msimu wa dagaa, lilipita nikiwa nchi kavu. Fedha nilishaisahau. Sura ya mdogo wangu akiteka maji kwa kopo gizani sijaisahau.

Unajua ugonjwa ulikuwa nini? Mpira wa mafuta. Fundi mwingine, kijana mtaratibu ambaye hakugusa spana hata moja kabla ya kuuliza maswali, aliukunja mpira ule karibu na kiungio chake akanionyesha ufa mwembamba kama unywele. Injini ikienda polepole inahitaji mafuta kidogo, hivyo ufa ulikuwa haudhuru. Nikikaza, pampu ilivuta kwa nguvu, na pamoja na petroli ikavuta hewa kupitia pale. Plagi mpya, koili mpya na lita ile ya oili havikuwa na uhusiano wowote na ufa huo. Kibaya zaidi, oili ikizidi katika dumu inachukua nafasi ya petroli, kwa hiyo silinda iliyokuwa na njaa tuliiongezea njaa, na kwa kufunga skrubu tukaimaliza.

Nina hasira na fundi yule wa kwanza hadi leo, na sioni sababu ya kuificha. Kukosea ni jambo la kila fundi, lakini yeye alibadilisha vitu vitatu bila kupima hata kimoja, kila mara kwa sauti ya mtu mwenye uhakika, na kila mara kwa pesa yangu. Oili si dawa ya kikohozi. Mtu anayekuambia uongeze oili kabla hajauona mpira wako, hajaligusa chujio lako wala hajauliza petroli umeinunua wapi, hajaanza kazi bado.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja, nami naishikilia kwa kila injini inayomisi: kabla ya kugusa injini, badilisha chote kilicho nje yake. Tafuta dumu safi na kavu. Nunua petroli kituoni mwenyewe, upime oili kwa chombo chenye alama za mililita, na iwe oili ya injini za boti yenye alama ya TC-W3, si ile ya gari la mipigo minne, ambayo huacha majivu kwenye plagi. Azima mpira mzima pamoja na kibofu chake cha kusukumia kutoka kwa jirani ambaye injini yake haina tatizo. Kisha toka karibu na ufuko, mchana, ukaze mafuta. Ikitulia, basi koili yako ni nzima na umeokoa pesa. Ikiendelea kumisi kwa namna ileile, hapo ndipo ufungue plagi, uzibadilishane kati ya silinda moja na nyingine uone kama ugonjwa unahama na plagi, na ndipo habari ya koili iwe na maana.

Kibofu kile peke yake kitakueleza mengi. Injini inapomisi kwa kasi, mwambie mwenzako akiminye: ikipata nguvu papo hapo, injini ina njaa, na mkosaji ni mpira, chujio au pampu ya mafuta. Kibofu kikijikunja kama kimenyonywa, kuna kizuizi upande wa dumu, na hapo angalia kwanza kifuniko. Wengi wetu tunatoboa kifuniko tupitishe mpira, kisha tunaziba kila kitundu ili maji ya mawimbi yasiingie, tukisahau kwamba dumu lisilovuta hewa litaacha kutoa petroli baada ya mwendo fulani. Ukisimama, hewa inapenya taratibu, injini inatulia yenyewe, na wewe unadhani imepona. Maelezo yako ya injini “kutulia yenyewe” yananifanya nishuku hapo kabla ya pengine popote.

Usisahau maji. Vinasaba, yaani alama ya kikemikali, vinavyowekwa kwenye mafuta nchini Tanzania tangu 2010 husaidia kumbaini anayechakachua, lakini havizuii maji kuingia katika dumu lako likiwa ndani ya mtumbwi. Mimina petroli kidogo kutoka chini ya dumu kwenye chupa nyeupe ya maji ya kunywa, iache itulie nusu saa mbali na moto na sigara. Maji ni mazito kuliko petroli, hivyo yatakaa chini na utauona mstari kati yao.

Fanya jaribio hilo kesho mchana ukiwa Igombe, na boya kwa kila mtu aliyemo. Kisha rudi hapa utuambie mambo matatu: kibofu kilikaza au kilijikunja, plagi zilikuwa na rangi gani baada ya kutumia mchanganyiko uliopimwa, na ulikuta nini chini ya chupa. Fundi wako akija na koili kabla ya hapo, mwombe aisubirishe.