Chumvi haipotei, na kukoroga hakuongezi nafasi

Mdogo wangu, umeuliza kwa nini chumvi inabaki chini ya glasi hata ukikoroga nusu saa. Maji yako yameshashiba. Gramu 100 za maji ya joto la kawaida hubeba takriban gramu 36 tu za chumvi. Kukoroga kunaharakisha kumumunyuka, lakini hakuongezi kiwango hicho hata chembe.

Ukipasha moto je? Hapa ndipo wengi wanapokosea kwenye mtihani. Sukari inafaidika sana: kutoka gramu 200 hivi kwenye nyuzi 20 hadi karibu 490 maji yakichemka. Chumvi inafika 39 hivi, basi. Kwa hiyo usikariri kwamba joto linamumunyisha kila kitu zaidi. Gesi ndiyo kabisa, inatoroka, ndiyo maana soda ya moto haina nguvu.

Tena, usiandike chumvi "imeyeyuka". Barafu huyeyuka, chumvi humumunyuka, ayoni zake (chembe ndogo sana zenye chaji ya umeme) zikitawanyika katikati ya maji. Anika mmumunyo huo juani kwenye sahani, utaiona chumvi yako yote imerudi, kama wanavyovuna kwenye mashamba ya chumvi ya Gongoni, pwani ya Kenya.