Maswali ya Wasomaji: Mkosaji Kajulikana Ukurasa wa 30

Barua nyingi za mwezi huu zimetoka kwa watu wanaoandika riwaya za vijana: zile zenye siri ya kufumbuliwa, mapenzi ya mara ya kwanza, na kijana anayeanza kuuona ulimwengu wa wakubwa. Tumejibu tano. Ya kwanza tumeijibu kwa urefu kwa sababu kosa lake ndilo tunaloliona katika miswada mingi inayofika hapa.

*Shikamooni. Nimeandika riwaya kuhusu fedha za mahafali zilizoibwa katika shule ya bweni. Mhusika mkuu, Zawadi, yuko kidato cha tatu. Dada yangu alifika ukurasa wa 30 tu akasema, "Ni matroni." Na kweli ni matroni. Nilificha kila kitu. Nimekosea wapi? Nimeambatisha sura tatu za mwanzo na muhtasari. (Binti wa Tanga)*

Marahaba, binti. Umekosea hapohapo, kwenye kuficha kila kitu. Matroni wako anaingia sura ya pili, anapewa jina, anapewa sura, anaelezwa hadi mwendo wake, kisha muhtasari unaonyesha haonekani tena mpaka sura ya 17. Msomaji akikutana na mtu aliyechorwa vizuri namna hiyo asiye na kazi yoyote hadithini, hujiuliza amekuja kufanya nini. Jibu analipata haraka: amekuja kuwa mwizi.

Mpe kazi isiyohusiana kabisa na wizi. Awe ndiye anayempeleka Zawadi zahanati usiku akipandwa na homa. Awe ndiye anayemtetea kwa mwalimu wa zamu. Aonekane angalau mara moja katika kila sura tatu, na kila anapoonekana msomaji amhitaji. Hapo huhitaji tena kumficha, maana mapenzi ya Zawadi kwake ndiyo yatakayomfunika. Msichana aliye mbali na mama yake hawezi kumshuku mwanamke anayemletea uji. Riwaya ya fumbo ya watu wazima humweka mwenzi kando ya mpelelezi, kama mwandishi Muhammed Said Abdulla alivyomweka Najum kando ya mpelelezi wake, Bwana Msa, ili mmoja aone bila kuelewa na mwingine aelewe. Katika riwaya ya kijana wote wawili ni mtu mmoja: Zawadi anaona leo, anaelewa akishakua kidogo. Usipolijenga hilo, utabaki na wizi wa fedha tu, na wizi wa fedha haubebi kurasa 140.

Sasa tuje kwenye kidokezo chenyewe. Umeandika hivi:

"Zawadi aliona ufunguo wa stoo mezani kwa matroni. Alishangaa, kwa sababu ufunguo ule hukaa ofisini kwa mhasibu."

Neno lililokusaliti ni "alishangaa". Mhusika akishangaa, msomaji naye husimama na kuangalia. Jaribu hivi:

"Matroni alisogeza kikombe, ufunguo wenye kitambaa chekundu na miwani, akapata nafasi ya kuweka bakuli. 'Kunywa ungali moto,' alisema. 'Halafu uniambie ni nani huyo anayekuandikia barua.'"

Ufunguo umekaa katikati ya vitu vitatu, na jicho la msomaji hushika zaidi cha kwanza na cha mwisho. Haujaitwa wa stoo, una kitambaa chekundu tu. Na kabla msomaji hajauwaza, limekuja swali linalomchoma Zawadi usoni. Aibu ya barua inawakimbiza wote wawili, yeye na msomaji, mbali na meza ile. Lakini kitu kimeonyeshwa waziwazi, kwa hiyo mwishoni hakuna atakayesema umemdanganya.

Kidokezo kikubwa kipitishe mara tatu. Mara ya kwanza kiwe hakina maana, kama hapo juu. Mara ya pili, tuseme sura ya 9, kipate maana kwa njia ya pembeni: karani analalamika kwamba vitambaa vya funguo vimechakaa, cha bluu ni cha maktaba, cha kijani maabara, chekundu stoo. Mara ya tatu, sura ya 16, Zawadi aviunganishe. Usiviweke kitu na maana yake katika sura moja. Acha angalau sura tatu katikati.

Kwa riwaya ya maneno 40,000, vidokezo 5 hadi 7 vinatosha, na viwili kati ya hivyo vielekee kwa asiye na hatia. Hapa ndipo waandishi wengi huteleza. Mlinzi wako anaonekana usiku akibeba kifurushi, tunamshuku, halafu riwaya inaisha bila kusema kifurushi kilikuwa nini. Msomaji ana haki ya kukasirika. Kila dalili ya uongo lazima iwe na ukweli wake: huenda mlinzi anamlaza mwanawe kibandani kwa siri na kifurushi ni chakula. Ukweli huo ukimwumiza Zawadi kwa kuwa alimchongea, umeshapata sura nzima ya kukua bila kuongeza mhusika hata mmoja.

Kabla ya kuandika upya, chukua karatasi moja uandike wizi wenyewe kwa mpangilio ulivyotokea, tarehe na saa, ukiwa ndani ya kichwa cha matroni. Kisha chora jedwali daftarini lenye safu tatu: sura, nani yuko wapi, nani anajua nini. Ukimaliza mswada, usome kuanzia sura ya mwisho kurudi nyuma ukilitazama jedwali. Mtu anayejua jambo kabla hajaambiwa utamkamata hapo.

*Ndugu wahariri, riwaya yangu iko Mombasa. Hadi sura ya 8 siri inakwenda vizuri, halafu Salim na Amina wanapendana na siri inalala usingizi. Nikipunguza mapenzi, hadithi inakauka. (Msomaji, Mombasa)*

Usipunguze. Fanya mapenzi na siri vigombanie vitu vilevile. Kipimo chake ni rahisi: toa onyesho la mapenzi, usome kinachobaki. Kama upelelezi unaendelea bila kutikisika, onyesho hilo lilikuwa limekaa nje ya nyumba. Kila wanapokutana, mmoja aondoke akijua jambo ambalo hakulijua, au akificha jambo ambalo angepaswa kulisema.

Umeandika kwamba Salim anampa Amina leso. Tazama ulichonacho mkononi! Leso huuzwa jozi, vipande viwili vyenye rangi moja na jina moja. Katika mswada wako Salim anatoa jozi nzima na jambo linaishia hapo. Ampe kipande kimoja, abaki na cha pili, kama wapendanao wafanyavyo. Kisha kipande cha pili kionekane mahali ambapo Salim ameapa hajawahi kufika. Amina ataisoma ile methali iliyoandikwa kwenye leso mara mbili, kwanza kwa furaha, na mara ya pili akiwa ameshika ushahidi. Leso ya mapenzi imekuwa kidokezo, na sasa ni lazima Amina achague kunyamaza au kusema. Huo ndio moyo wa kitabu chako.

Kwa vipimo, ukiwa na sura 20, wakutane kabla ya sura ya 4, waanze kuaminiana karibu na ya 7, na uaminifu uvunjike kati ya 12 na 14, uvunjwe na ushahidi uleule unaofumbua siri. Ukiuvunja kwa uvumi au kwa msichana mwingine aliyezuka tu, msomaji ataona umemchelewesha makusudi.

Jambo moja dogo: mazungumzo yao ya kwanza yaweke kwenye kivuko cha Likoni, kama ulivyopanga, lakini yafupishe. Kuvuka ni dakika chache, watu wamesongamana, na mlango ukishashushwa kila mtu anakimbilia matatu. Hakuna nafasi ya hotuba ya ukurasa mzima. Sentensi iliyokatwa na umati itafanya kazi kubwa kuliko maungamo kamili.

*Nasimamia klabu ya uandishi ya kidato cha pili. Wazazi wawili wamelalamika kwamba hadithi za wanafunzi zina mapenzi. Tuyaondoe? Na mipaka iko wapi? (Mwalimu, Morogoro)*

Mwalimu, msiyaondoe. Riwaya ya Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka 1971, ilizuiwa shuleni kwa muda kabla ya kuja kusomwa na kufundishwa, na ndani yake Rosa analelewa chini ya ukali wa baba asiyetaka hata barua ya mvulana imfikie. Akifika mbali na nyumbani, hajui kujilinda. Wazazi hao wanaweza kuoneshwa kwamba ukimya nao una hatari zake.

Mipaka iko, na ni ya kweli. Mapenzi kati ya vijana wa rika moja yaandikwe kwa hisia, maneno, barua, kungoja, wivu. Maelezo ya mwili hayahitajiki na hayana nafasi kwa wahusika watoto. Ila kinachotutia wasiwasi zaidi katika miswada ya wanafunzi ni yule mwanamume mwenye gari, au mwalimu wa kujitolea, anayempenda msichana wa miaka 16 na hadithi ikamwita mchumba. Huyo si mchumba. Kenya, Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 2006 inamhesabu aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto. Tanzania, marekebisho ya 2016 yaliweka kifungo cha miaka 30 kwa anayempa mwanafunzi ujauzito au kumwoa. Mwanafunzi anaweza kuandika habari za mtu huyo, na aandike, lakini hadithi yenyewe ijue kwamba ni mhalifu hata kama msichana bado hajajua. Na hapo pana fumbo zuri kuliko wizi: kwa nini hajaona?

Angalieni pia hadithi inatokea mwaka gani. Hadithi nyingi bado zinamfukuza msichana mjamzito shule na kumfungia mlango moja kwa moja. Kwa hadithi ya Tanzania inayotokea baada ya Novemba 2021 hilo limepitwa, kwa kuwa serikali iliruhusu wanaojifungua warudi shuleni. Kenya ilikuwa na sera ya kuwarudisha tangu 1994. Mwandishi anaweza kumfanya asirudi, ila aseme kilichomzuia: kejeli za darasani, mtoto asiye na mlezi, nauli, baba aliyekataa. Sababu hizo zina uzito zaidi ya mlango uliofungwa na sheria.

*Simu inaniharibia fumbo. Mhusika wangu akipiga simu moja tu, kila kitu kinaisha sura ya 5. (Kijana, Kisumu)*

Mpeleke bwenini, ambako wanafunzi hawaruhusiwi simu, na kila simu inayopigwa ina gharama: kumwomba mlinzi, kufichua siri, kuadhibiwa. Kama anaishi nyumbani, "chaji imeisha" itumie mara moja tu katika kitabu kizima. Mara ya pili msomaji hatakuamini tena.

Bora zaidi uifanye simu itoe ushahidi. Ujumbe wa M-Pesa una jina, kiasi, tarehe, saa na namba ya muamala. Mama anayesema alikuwa hana hata senti siku ile, na ujumbe wa saa 1:42 jioni unaosema vingine, ni sura nzima hiyo. Ila kumbuka M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007. Tumewahi kuusoma mswada wa hadithi inayotokea mwaka 2003 ambamo mtu anatumiwa fedha kwa simu na kuzitoa kwa wakala.

*Riwaya ya vijana iwe na urefu gani? Mchapaji ananiambia niongeze au nipunguze kurasa, haelezi kwa nini. (Msomaji, Dodoma)*

Maneno 35,000 hadi 45,000 yanatosha kwa msomaji wa miaka 13 hadi 17 anayesoma kwa Kiswahili, katika sura 18 hadi 22. Kwenye kitabu cha ukubwa wa kawaida wa riwaya ukurasa hubeba maneno kama 280, kwa hiyo maneno 38,000 ni kurasa 136 hivi. Ongeza kurasa za jina la kitabu, haki na tabaruku, utafika 142.

Mchapaji anakusumbua kwa sababu karatasi kubwa hukunjwa kuwa mafungu, mara nyingi ya kurasa 16. Mafungu 9 ni kurasa 144, kwa hiyo kitabu chako cha 142 kinaingia sawasawa na kuacha kurasa mbili tupu. Kikifika 147, unalipia fungu la 10 na kupata kurasa 13 nyeupe mwishoni. Kabla ya kukata sura, tazama kama sura zako zote zinaanzia ukurasa wa kulia. Ukiziruhusu zianze popote, kwa sura 20 utaokoa kama kurasa 10 bila kugusa hata neno moja.